Mtu Hujikuna Ajipatapo

Asubuhi ile sikuweza kugeuza shingo kuitazama saa ya ukutani. Niligeuza kiwiliwili kizima, kama mtu aliyevalishwa pipa, nikaona saa moja kasorobo, nikarudi kukaa kitandani. Mgongoni, upande wa kulia, kati ya uti wa mgongo na lile fupa bapa la bega, palikuwa na alama iliyovilia damu, duara kabisa, kama mhuri. Hakunipiga mtu. Nilijipiga mwenyewe usiku, na nililala nikijipongeza.

Silaha yenyewe ilikuwa mpira wa gofu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukilalia mpira mgumu juu ya pale panapouma, fundo la msuli litavunjika. Basi nikaulalia sakafuni, uzito wote wa mwili juu ya kitu kidogo kama kile, dakika kumi nzima, meno yameumana, nikiamini kwamba kadiri ninavyoumia ndivyo ninavyopona. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Mimi nilijikuna nisipopafika, tena kwa kisu.

Maumivu yenyewe yalikuwa yameanza kwa adabu. Kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu wengine na kuyanyoosha, kwa hiyo nakaa. Saa nane, siku nyingine kumi, kichwa kimeutangulia mwili kama kobe anayechungulia. Kwanza kulikuwa na uzito tu begani jioni, unaoondoka nikijinyoosha. Baadaye ukawa haujali kama nimejinyoosha. Kisha kikaja kichwa: maumivu yanayoanzia kisogoni, yanapanda taratibu, yanazunguka sikio na kukaa pale penye panja, kati ya jicho na sikio, kama mgeni aliyefika na mizigo yake yote.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Kikikaa wima, sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na mifupa. Kikiinama, kazi inahamia kwa misuli ya shingo na mabega. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo, Kenneth Hansraj, alichapisha hesabu za modeli ya kompyuta zinazoonyesha kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, namna tunavyoinamia simu, mzigo unaoielemea shingo unafika kama kilo 27. Ni hesabu za modeli, hakupima shingo za watu hai, lakini kila nikiikumbuka namba hiyo bega langu la kulia linaitikia "naam".

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu maneno. Kwenye makala hii nitasema kujikanda. Kuna kitenzi kingine, cha kuchua, ambacho ni kizuri na sahihi kabisa ukimchua mtu mwingine misuli. Ukikiwekea "ji" katikati kinageuka kuwa habari nyingine, na wanaojua wanajua.

Wiki hiyohiyo nilikwenda kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo. Alikuwa mama wa makamo mwenye viganja vidogo kuliko nilivyotarajia. Alifunua mgongo wangu, akanyamaza kidogo.

"Ulikuwa unatafuta nini humu?"

"Fundo, mama. Nilitaka kulivunja."

"Na likishavunjika, vipande vyake ungevipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanikalisha kwenye kiti, akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaupitisha juu ya kifua hadi bega la kulia, na kidole changu cha kati akakiweka mahali ambapo sikuwahi kupagusa: kwenye ncha ya juu ya ndani ya lile fupa bapa, pale ambapo shingo inaelekea kuwa mgongo. Hapo ndipo unapojishika msuli unaoliinua bega. Ni ukanda mwembamba unaoteremka kutoka ubavuni mwa shingo, na ukiishi mabega yako yakiwa yamepanda masikioni, huo ndio unaofanya kazi ya kuyashikilia huko juu.

"Usibonyeze," akasema. "Weka tu."

Nikaweka. Tukakaa. Nilidhani amesahau anachofanya.

"Unapumua?"

Kumbe sikuwa napumua. Nilipoishusha pumzi, ndefu, nilisikia kitu chini ya kidole kikizama kidogo, kama sifongo inayopokea maji. Hakuna nguvu iliyokuwa imetumika. "Sasa ndiyo ubonyeze," akasema, "lakini kama mtu anayepima tunda kama limeiva, hataki muuzaji amwone." Nikabonyeza hivyo. Maumivu yalikuja, lakini yale matamu, yanayomfanya mtu afumbe macho badala ya kukunja uso. Akaniambia niyape namba kutoka 0 hadi 10. Nikasema tano. Akasema punguza, iwe nne. Tukasubiri kama nusu dakika, na bila mimi kulegeza kidole namba ikashuka yenyewe hadi mbili. Hilo ndilo somo nililolilipia siku ile. Yaliyofuata yote ni matawi yake.

Swali lake la vipande liliniudhi kiasi kwamba nilikwenda kusoma. Habari ya mafundo ya misuli yanayopeleka maumivu mbali ilienezwa sana na Janet Travell, daktari wa Marekani aliyemtibu John F. Kennedy na ambaye mwaka 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa nchi hiyo. Yeye na mwenzake David Simons walichora ramani ndefu za mwili zikionyesha kwamba msuli ukibonyezwa hapa, mtu analalamikia kule. Msuli ulio nyuma ya fupa la bega unauma mbele ya bega. Ule mnene unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi mtulinga unaweza kuleta maumivu ya kipaji cha uso. Na ule wa juu ya bega, huu tunaojifinya sote tukichoka, unapandisha maumivu shingoni hadi kwenye panja. Mgeni wangu mwenye mizigo alikuwa na anwani.

Kuhusu fundo lenyewe ni kitu gani, watafiti wanabishana hadi leo. Wako wanaoliona kama sehemu ya msuli iliyokaza na kukataa kuachia. Wako wanaosema tatizo liko zaidi katika neva na ubongo zilizokuwa na wasiwasi kupita kiasi. Ambalo halina ubishi ni kwamba maumivu hayatoki kwenye nyama yakiwa yamekamilika. Yanapikwa njiani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango: kwamba kwenye uti wa mgongo kuna mahali ambapo taarifa za mguso zinaweza kuzibana taarifa za maumivu zisipite zote. Mtu yeyote aliyewahi kujigonga kiwiko anaijua nadharia hiyo bila kusoma. Mkono unakimbilia kusugua kabla mdomo haujamaliza kusema "uwii".

Nikaielewa kazi yangu upya. Nilikuwa najitendea kama fundi anayenyoosha bati. Kumbe ninayezungumza naye ni mlinzi wa zamu, mwoga, aliyekaza kila kitu kwa sababu anahisi hatari. Ukimjia na mpira wa gofu unathibitisha kwamba alikuwa sahihi kuogopa.

Nitoe na hili jambo moja njiani, maana linarudiwa sana: kwamba kukandwa "kunatoa sumu" mwilini, au kunakamua asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli. Haigandi. Baada ya mazoezi makali mwili wenyewe unaiondoa ndani ya saa moja hivi, na yale maumivu ya misuli ya baada ya mazoezi hufika kilele siku ya pili au ya tatu, asidi hiyo ikiwa imeshasahaulika. Kukanda kunasaidia kwa njia nyingine, na hakuhitaji kupambwa kwa uongo.

Sasa vitendo. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kazi hii: kupapasa, kusugua, kukanda, kuminya, kubonyeza, kugongagonga. Wataalamu wa Ulaya wanatumia majina ya Kifaransa ambayo daktari Mholanzi wa karne ya 19, Johan Georg Mezger, anatajwa kuyaeneza. Hatuyahitaji. Kinachohitajika ni mpangilio: unaanza kwa kupapasa, unamaliza kwa kupapasa, na katikati ndipo unapominya. Kucha ziwe fupi. Mafuta ni hiari. Yanafaa ukitaka kuteleza juu ya ngozi, yanasumbua ukitaka kushika msuli.

Huo mpapaso wa mwanzo niliudharau miezi mingi nikiuona kama maamkizi tu. Si hivyo. Kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi za neva zinazoitika hasa mguso mwepesi wa polepole, unaosafiri kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Jaribu: kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, kwa kiganja kizima, ichukue sekunde tano au sita. Utaona jinsi ilivyo vigumu kwenda polepole namna hiyo. Mara ya kwanza nilipofanya nilijihisi mjinga, na nilipofika mara ya nne nikapiga miayo.

Bega na shingo nimeshazieleza nusu. Nusu iliyobaki ni ule msuli wa juu ya bega. Mkono wa upande mwingine unaushika kama unavyoshika ngozi ya shingo ya paka, vidole nyuma, kiganja mbele, kisha unaunyanyua kidogo na kuushikilia. Halafu unageuza kichwa taratibu kulia na kushoto, kama mtu anayekataa jambo bila ugomvi. Hapo mkono hausugui kitu. Unashikilia, na shingo ndiyo inayojisugua chini yake. Hii ndiyo mbinu ninayoitumia kuliko zote, kwa sababu naweza kuifanya nikiwa kwenye mkutano na watu wakadhani natafakari. Kiwiko cha mkono unaofanya kazi kiegemeze mezani, la sivyo utatibu bega moja na kuliumiza la pili. Nimefanya hivyo.

Mbele ya shingo, achana napo. Kando ya koromeo inapita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na kuna sehemu pale ambayo ikibonyezwa inaweza kushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu hadi mtu akazirai. Unapoisikia damu ikidunda chini ya kidole, popote pale mwilini, toa kidole.

Kisogo kinataka uvivu. Chini kabisa ya fuvu, pande mbili za uti, kuna misuli midogo sana ambayo kazi yake ni kurekebisha kichwa kwa kiwango kidogo kidogo ili macho yabaki kwenye shabaha. Siku nzima ya kutazama kioo cha kompyuta ni siku nzima ya kazi yao. Chukua mipira miwili ya tenisi, itie ndani ya soksi, funga fundo, lala chali, na uiweke pale ambapo fuvu linaishia, mpira mmoja kila upande, uti ukipita katikati bila kuguswa. Halafu usifanye kitu. Kichwa ndicho kinachobonyeza, kwa uzito wake. Baada ya dakika moja hivi ongeza "ndiyo" ndogo ndogo kwa kidevu, ndogo kiasi kwamba mtu aliye mlangoni asizione. Dakika tano zinatosha. Nimewahi kupitiwa na usingizi hapo, nikaamka na alama mbili kisogoni na hasira, kwa hiyo weka saa.

Taya ndilo lililonishangaza. Weka vidole kwenye mashavu, mbele kidogo ya masikio, kisha uma meno. Kile kinachovimba chini ya vidole ni msuli wa kutafunia, mmoja wa misuli yenye nguvu sana mwilini ukilinganisha na ukubwa wake. Sasa legeza. Je, meno yako yanagusana? Yasiguse. Taya likipumzika, midomo hukutana na meno huachana. Mimi nilikuwa nimeyauma tangu asubuhi, na nina hakika nilikuwa nimeyauma kwa miaka. Hapo nabonyeza kwa vidole viwili, naacha mdomo ufunguke wenyewe kama wa mtu aliyelala kwenye basi, na nashusha vidole polepole kuelekea pembe ya taya. Mara tatu. Halafu nahamia kwenye panja na kuzungusha, taratibu, bila kuburuta ngozi. Kwa maumivu ya kichwa yale ya kubana kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu, hii inanipa nafuu mara nyingi. Kwa kipandauso cha kweli, kile cha kichefuchefu na kuchukia mwanga, kwangu haijafanya lolote. Nazima taa na kunywa dawa niliyoandikiwa.

Mikono nayo. Watu wa kuandika husugua vidole, na vidole havina kosa. Weka mkono mezani, kiganja kikitazama chini, halafu inua kidole cha kati peke yake, kishushe, kiinue tena. Usitazame kidole. Tazama kigasha, karibu na kiwiko: utaona nyama inacheza chini ya ngozi, kama samaki chini ya maji. Ndani ya vidole hakuna misuli ya kuvikunja wala kuvinyoosha. Vinavutwa kwa kano ndefu kutoka huko juu, na kutoka kwenye kiganja. Kwa hiyo mtu anayechapa siku nzima anachosha kigasha. Weka kidole gumba cha mkono wa pili juu ya ile nyama inayocheza, bonyeza hadi maumivu yafike namba nne, kisha kunja kiganja polepole kuelekea chini na ukirudishe. Msuli unapita chini ya gumba kama uzi kwenye tundu la sindano. Songa sentimita moja, rudia. Safari ya kutoka kiwikoni hadi katikati ya kigasha inanichukua dakika mbili, na nikimaliza, mkono ulioshughulikiwa unakuwa na joto, mwepesi, na kama mrefu kidogo kuliko mwenzake.

Usisahau lile tuta la nyama chini ya kidole gumba. Hilo ndilo lililobeba simu miaka yote hii. Libane kati ya gumba na kidole cha shahada, liachie, libane tena. Iwapo vidole vinakufa ganzi usiku, hasa gumba, cha shahada na cha kati, usiendelee kubinya kifundo cha mkono ukidhani ni uchovu. Huenda neva imebanwa pale inapopita, na kuibinya zaidi ni kuongezea ubaya. Hilo ni la daktari.

Mgongo ndipo methali inapouma. Mkono haufiki. Mpira unafika, lakini wangu sasa ni wa tenisi, na siulalii: nasimama nimeupa ukuta mgongo, mpira ukiwa kati yangu na ukuta, ndani ya soksi ndefu ambayo ncha yake naishikilia juu ya bega ili usidondoke. Ukutani unaweza kupunguza mzigo kwa kusogeza miguu tu. Sakafuni huwezi, sakafu haina huruma. Mpira ukae kwenye nyama, usipande juu ya mfupa wa uti, na ushuke chini ya mbavu kwa tahadhari, maana figo ziko huko. Kwa maumivu ya kiuno mara nyingi nauteremsha hadi takoni, sehemu ya juu na ya nje, na hapo napata jibu ambalo kiuno chenyewe hakikunipa.

Tumbo nilipite haraka: mduara mwepesi unaofuata mwendo wa saa, kupanda upande wa kulia, kuvuka chini ya mbavu, kushuka upande wa kushoto, ndivyo utumbo mpana unavyokwenda. Kwa choo kigumu unasaidia baadhi ya watu. Mjamzito asijaribu bila kuuliza.

Nyayo ni raha tupu. Kaa kitini, viringisha mpira chini ya wayo kutoka kisiginoni hadi chini ya vidole, mguu mmoja kwa wakati. Kama kisigino kinakuchoma hatua za kwanza za asubuhi, usishuke kitandani kwanza: weka mguu juu ya goti la pili, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako hadi wayo ukaze kama kamba, hesabu hadi kumi, rudia mara kumi, na mkono wa pili uusugue ule ukanda uliokaza. Ndipo usimame. Ila mwenye kisukari ambaye miguu yake imepungua hisia asitumie mpira mgumu. Hatajua amejiumiza hadi aone kidonda.

Na mguu wa chini, hapo lazima niseme habari ya shangazi yangu.

Alikuwa ametoka safari ndefu ya kukaa. Wakati huo nilikuwa nimeshakolea, mtu akipiga chafya namwambia anyooshe shingo nimkande. Akakaa kwenye kochi akauinua mguu, akasema shavu la mguu linamvuta tangu jana, kama mkakamao usioisha. Nikapiga magoti, nikafurahi kabisa. Nilipolishika shavu lile lilikuwa na joto. Nikashika la pili kulinganisha, kama yule mama alivyonizoesha. La pili lilikuwa la baridi, na jembamba zaidi.

"Shangazi, ni mguu huu mmoja tu?"

"Mmoja tu. Kanda basi, mbona umeniacha?"

"Sikandi. Tunakwenda hospitali."

Alinitazama kama niliyemvunjia heshima. Njia nzima hakuniongelesha. Lilikuwa donge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na tuliambiwa kwamba kukandwa kungeweza kuling'oa likasafiri hadi mapafuni. Mimi ambaye miezi kadhaa nyuma nilikuwa navunja mafundo kwa mpira wa gofu, ningelishughulikia lile shavu kwa mikono miwili na nguvu zote.

Kwa hiyo shavu la mguu nalikanda nikiwa nimelinganisha yote mawili kwanza. Lililovimba upande mmoja, lenye joto au wekundu, siligusi. Nyuma ya goti pia siingizi vidole, mishipa na neva ziko juu juu pale. Wala mishipa iliyotokeza na kujikunja, wala jeraha bichi, wala ngozi yenye maambukizi, wala mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kabla hajamuuliza daktari wake. Na yapo maumivu ambayo hayana haja na vidole hata kidogo: ya kifua yanayopanda taya au kushuka mkono, ya kichwa yanayolipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, ya shingo iliyokakamaa pamoja na homa, ya mgongo yanayoambatana na miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo. Hapo unainuka na kwenda, usiku huohuo.

Watu wananiuliza nafuu inadumu muda gani. Kwangu, saa moja, mbili, siku njema nusu siku. Nilipogundua hivyo nilivunjika moyo, nikarudi kwa yule mama kulalamika kama niliyeuziwa saa mbovu. Akaniuliza huwa nafanya nini katika hizo saa mbili. Nikasema narudi kukaa. Akacheka hadi akavua miwani.

Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno, na kwa maumivu ambayo hayajawa sugu kilishauri watu waanze na mambo yasiyo dawa, joto na kukandwa yakiwemo. Mwongozo huohuo unasema mengi ya maumivu hayo hupungua yenyewe kadiri siku zinavyopita. Kukanda kunafungua dirisha. Dirisha likiwa wazi ndipo unapotembea, unapozungusha mabega, unapoinuka na kwenda kunywa maji. Nilipandisha kioo cha kompyuta hadi usawa wa macho kwa kukiweka juu ya kamusi mbili nene, na sitasema ni zipi, maana waliozitunga hawatafurahi. Nafikiri kamusi zile zimefanya kazi kuliko vidole vyangu. Lakini bila vidole nisingejua kwamba bega limepanda, kwa sababu lilikuwa limepanda muda mrefu kiasi cha kujiona liko mahali pake.

Siku hizi najikanda vipande vidogo vidogo, dakika mbili hapa, dakika moja kule, mara nyingi nikingojea kitu: maji yachemke, faili lipakiwe, mtu apokee simu. Siku ambayo nimejitengea nusu saa na mshumaa kwa ajili hiyo haijafika, na nadhani haitafika.

Shangazi alipona. Alitumia dawa kwa miezi, na siku daktari alipomruhusu akaniita, akanyoosha vidole vyake ambavyo vina ugonjwa wa viungo, akasema haya, hii mikono nayo utasema ni hospitali? Nilimfundisha lile tuta la chini ya gumba, na namna ya kushika kila kidole kwenye shina na kukivuta polepole kama mtu anayevua pete anayoipenda. Alikuwa na mkono mzuri kuliko mimi, hakuwa na haraka hata kidogo. Sasa nikimpigia jioni sauti yake inanifikia kwa mbali, kama inatoka chumba cha pili. Nikimwambia shangazi sogeza simu sikusikii, ananijibu kwamba simu iko mezani na itabaki hapohapo, niongee kwa sauti, mikono yake yote miwili ina shughuli.